Mwalimu wa Tabora na kiti cha bodi ya pensheni

Haya wadau, leo tuongee hela za walimu. Msikimbie, hii ishu inawahusu hata nyie mnaodhani uzee uko mbali. Kama baba au mama yako ni mwalimu, ada yako imetoka humo humo, na kuna nyingine imewekwa pembeni ambayo hajawahi kuishika mkononi.

Iko hivi. Mwalimu wa serikali kila mwezi anakatwa asilimia 5 ya mshahara kwenda mfuko wa pensheni, na mwajiri, yaani serikali, anatakiwa aongeze asilimia 15. Jumla asilimia 20 ya mshahara, kila mwezi, miaka 30 na zaidi. Hela hizo zinakwenda PSSSF, mfuko uliozaliwa Agosti 2018 baada ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuunganishwa. Juu ya mfuko kuna bodi ya wadhamini. Mwenyekiti anateuliwa na Rais, wajumbe wengine wanateuliwa na Waziri, wakiwemo wa upande wa wafanyakazi. Sasa mwulize mwalimu yeyote mtaani kwenu jina la mtu anayemwakilisha kwenye bodi hiyo. Wengi watakuangalia tu.

Swali la nani akae pale halikuanza leo. Kuna mwalimu mmoja kijana lilimkuta Tabora miaka 80 iliyopita, na maisha yake yote likamrudia kwa sura nyingine nyingine. Mara alilijibu vizuri, mara akalijibu kwa namna ambayo mimi naona tunailipia mpaka leo. Mnamjua wote, picha yake iko kwenye noti ya elfu moja. Ila huu upande wa pensheni watu hawausimulii sana.

MTOTO WA CHIFU ANAKUJA TABORA

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Shule alianza mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Wenzake wengi walishatangulia, lakini akawapita. Mwaka 1937 akapelekwa Tabora, shule ya serikali ya wavulana, ambayo Waingereza waliijenga wakiwafikiria hasa watoto wa machifu. Lengo lilikuwa kuwatayarisha vijana wa kuja kuwasaidia kutawala.

Lakini Tabora ilikuwa mji wa watu wa njiani kabla hata Mwingereza hajaijua. Ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake. Mara nyingi huyo kirangozi alikuwa mpagazi mzoefu ambaye wenzake wamemkubali. Alikula posho ile ile, akavuka mbuga ile ile. Tajiri mwenye mali alikuwa wa pwani, lakini aliyewaonyesha wapagazi njia alitoka miongoni mwao. Na posho ikikosekana au mapatano yakivunjwa, wapagazi waligoma, wengine wakaacha mizigo usiku wakaondoka zao. Wazee wetu hawa hawakuwa wajinga kwenye suala la malipo, wengine tunawadharau bure tu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi ikafifia, lakini mji ukabaki njia panda, na shule zikaja kukaa pale. Nyerere alisoma Tabora mpaka 1942, kisha akaenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

BARUA YA PENSHENI

Sasa hapa ndipo penyewe. Mwaka 1945 Nyerere anamaliza Makerere na cheti cha ualimu, ana miaka 23. Tabora kuna nafasi mbili zinamsubiri. Moja ni shule ya serikali aliyosoma mwenyewe. Nyingine ni St Mary's, shule mpya ya mapadri wa White Fathers, ambako Padri Richard Walsh alikuwa anamtaka sana. Serikalini mshahara ni mkubwa zaidi. Misheni ni mdogo.

Waandishi wa maisha yake wamesimulia kwamba katika kumvuta, upande wa serikali ulimwandikia barua na kumkumbusha faida za kazi ya serikali, pensheni ikiwemo. Miaka atakayofundisha shule ya misheni isingehesabiwa kwenye pensheni.

Kijana mwingine angepiga hesabu akachagua serikali, na wala tusingemlaumu. Yeye alikasirika. Akajibu kwa ukali kwamba kama alikuwa na wasiwasi wa kuchagua, barua hiyo imeumaliza, anakwenda misheni. Kilichomuudhi hakikuwa hela peke yake. Mwalimu wa misheni na mwalimu wa serikali wote wanawafundisha watoto wa Kiafrika wale wale, tena kwenye mji mmoja. Kwa nini mmoja uzee wake ulindwe na mwingine usilindwe? Nani alikaa akaamua hivyo, na ni mwalimu gani aliyeulizwa?

Mwaka 1946 akaanza kazi St Mary's. Alifundisha biolojia, na jioni aliwafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Akiwa na rafiki yake Andrew Tibandebage, waliyekuwa naye Makerere, akajiingiza kwenye tawi la Tabora la chama cha TAA. Wakafungua na duka la ushirika la kuuza mahitaji ya kila siku, kwa sababu bei za madukani zilikuwa zinawakamua watu. Kwa muda alifanya pia kazi ya kukagua bei kwa niaba ya serikali, halafu akaiacha alipoona ripoti zake hazifanyiwi kazi.

Zingatieni hilo la ripoti, maana lina ndugu zake mbele. Mtu anapewa cheo, anaandika anachokiona, na hakuna anayesoma. Kwake hicho hakikuwa cheo.

KITI CHA KUPEWA

Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskoti, kwa masomo ya digrii. Alirudi mwaka 1952, akamwoa Maria Waningu Januari 1953, akaanza kufundisha St Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Aprili 1953 akachaguliwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954, ambayo ndiyo Saba Saba tunayoijua, TANU ikazaliwa naye akiwa kiongozi. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa achague, ualimu au siasa. Mwezi huo huo akaacha kazi Pugu.

Jamani, hebu fikirieni. Una mke, una familia changa, mshahara ndio huo huo, na unauacha. Alirudi nyumbani Musoma, na kwa muda akajipatia riziki kwa kumfundisha padri mmoja Mmarekani lugha ya Kizanaki. Hivyo ndivyo ualimu wake wa darasani ulivyoisha, bila ile pensheni aliyowahi kuahidiwa. Jina la Mwalimu likambakia mpaka kaburini.

Mwaka 1957 Gavana Twining akamteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Kiti cha kuteuliwa, chenye heshima yake na posho yake. Alikaa miezi michache tu. Mapendekezo yake yalikuwa yanakataliwa moja baada ya jingine, na Desemba 1957 akajiuzulu. Aliona kuendelea kukaa pale ni kuwadanganya wananchi kwamba wana mtu ndani, wakati huyo mtu hasikilizwi.

Wadau, hilo ni fundisho kamili kwa mwalimu yeyote atakayeitwa kwenye bodi ya mfuko. Ukiteuliwa, kubali ujaribu. Ukiona unakaa ili jina lako lijaze orodha ya wawakilishi wa wafanyakazi, basi unakula posho ya kikao kwa jina la watu ambao hawakukutuma.

TABORA TENA, NA KURA TATU

Januari 1958, mwezi mmoja baada ya kujiuzulu, Nyerere yuko Tabora tena. Safari hii ni mkutano mkuu wa TANU, na mezani kuna jambo zito. Serikali ya kikoloni ilitangaza uchaguzi wa kwanza, lakini wa ajabu. Nchi iligawanywa majimbo 10, kila jimbo viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura lazima apige kura zote tatu, asipofanya hivyo kura yake imeharibika. Na ili upige kura uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa.

Waafrika walikuwa zaidi ya asilimia 95 ya watu wote nchini, wakapewa theluthi moja ya viti. Hata mtoto wa darasa la pili anaona hesabu hiyo haiendi. Wajumbe wengi walikuja Tabora wakitaka kususia. Nyerere akasimama kuwashawishi waingie. Hoja yake ni kwamba kama kila mtu anapiga kura tatu, basi hata Mwasia na Mzungu watakaochaguliwa watachaguliwa kwa kura za Waafrika. TANU ichague iwaunge mkono nani. Mkutano ukakubali, na historia ikauita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono, kina Amir Jamal na Derek Bryceson wakiwemo, wakashinda.

Hapo nataka tutulie kidogo. Wakoloni waliuliza viti vigawanywe vipi. Nyerere pale Tabora alitazama kitu kingine, yaani kila aliyekaa kwenye kiti atamwogopa nani akiamka asubuhi. Jamal alikuwa Mwasia kwa asili, lakini aliyemweka pale na angeweza kumwondoa alikuwa mpiga kura wa Kiafrika. Kwa hiyo kiti kilikuwa na jina la kundi moja na mwenyewe alikuwa mwingine.

Sasa leteni hapa kwenye bodi za pensheni. Utaratibu wa dunia nzima, ambao Shirika la Kazi la Kimataifa limeuhubiri miaka mingi, ni wa pande tatu, yaani serikali, mwajiri na mfanyakazi. Unasikika wa haki. Lakini kwa mwalimu wa Tanzania mwajiri ni nani? Serikali. Kwa hiyo pande tatu zikikaa mezani, mbili kati yake ni mtu mmoja aliyevaa kofia mbili. Na wa upande wa tatu, yule wa wafanyakazi, jina lake linapita mezani kwa Waziri wa serikali ile ile. Kura tatu za mwaka 1958 angalau mpiga kura alizipiga mwenyewe.

ALIPOKUWA NA MADARAKA

Uhuru ukaja Desemba 1961. Mwaka 1962 nchi ikatunga sheria ya kuwaweka walimu kwenye utumishi mmoja, walimu wa serikali na wale wa mashirika na misheni wakawa na masharti yanayolingana. Yaani lile jambo lililomkasirisha kijana wa Makerere mwaka 1945 likaanza kurekebishwa. Mwaka 1964 ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, kwa wale wasiokuwa na pensheni kabisa. Mfuko huo ndio uliogeuzwa kuwa NSSF mwaka 1997. Haya ni mazuri na tuyaseme.

Lakini mwaka huo huo wa 1964 kuna jingine. Januari wanajeshi waliasi, Dar es Salaam kwanza, kisha kikosi cha Tabora. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa kizuizini. Februari shirikisho la TFL likavunjwa kwa sheria, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na walimu wakawa idara ndani yake. Katibu Mkuu aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Mtu huyo huyo anadai, na mtu huyo huyo anadaiwa.

Mtu anaweza kumtetea. Nchi ilikuwa na umri wa miaka miwili, jeshi limetoka kuasi, umaskini mkubwa, na aliogopa kundi dogo la wenye mishahara kuvuta kamba wakati wakulima hawana kitu. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Na hakujiweka pembeni, maana Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujenga taifa, alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya vigogo ikakatwa pia. Lakini mwalimu wa darasani alipoteza kitu ambacho Nyerere mwenyewe asingekubali kukipoteza akiwa St Mary's, nacho ni haki ya kumchagua msemaji wake. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, baadaye OTTU, na walimu hawakupata chama chao wenyewe, CWT, mpaka mwaka 1993. Karibu miaka 30! Kizazi kizima cha walimu kilifundisha bila kuzoea kuuliza hela zetu ziko wapi na nani anazisimamia.

Na kizazi hicho kilikuwa kikubwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakisoma ualimu, ndio wale tuliowaita walimu wa UPE. Wao ndio walioibeba ile sera mgongoni. Walianza kustaafu kwa wingi miaka ya 2010.

HELA ILIYOAHIDIWA, HELA ILIYOKATWA

Mpaka mwaka 1999 mtumishi wa serikali mwenye pensheni hakuwa anakatwa mshahara. Serikali iliahidi kwamba akistaafu atalipwa kutoka hazina. Julai 1999 ukaanza mfuko wa PSPF na makato yakaanza. Miezi mitatu baadaye, tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu akafariki London. Alikuwa na miaka 77.

Mfuko mpya ukarithi mzigo. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1976 akistaafu 2016 anadai miaka 40, lakini miaka 23 ya kwanza hakuna shilingi iliyochangwa. Serikali ilisema itafidia. Deni la kabla ya 1999 likakua kwa matrilioni, mfuko ukawa unalipa wastaafu kwa kuchelewa, na ni mwaka wa fedha 2021/22 ndipo serikali ilipotoa hatifungani maalum ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kupunguza deni hilo. Wakati huo huo fedha za mifuko zilikuwa zimejenga vitu vikubwa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kimejengwa kwa fedha za mifuko. Maghorofa pacha ya PSPF pale Dar es Salaam mnayaona. Hata Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, sehemu kubwa ni hela za NSSF. Vitu vizuri. Ila aliyeamua hela ya mstaafu iende huko, irudi lini na kwa faida gani, ni bodi.

Kisha kikokotoo. Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa milioni 1 aliyefanya kazi miaka 33. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF angepata mkupuo wa karibu milioni 68, na pensheni ya kama 366,000 kwa mwezi. Mwaka 2018 kanuni mpya zikashusha mkupuo mpaka asilimia 25, kelele zikapigwa nchi nzima, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa kanuni mpya. Mwalimu wetu yule yule sasa mkupuo ni karibu milioni 34, pensheni ya mwezi kama 457,000. Mwaka 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wanapata asilimia 50, mkupuo karibu milioni 41 na kama 409,000 kwa mwezi.

Tuwe wakweli, wataalamu wana hoja. Mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi inaongezeka, na mfuko ukifilisika wote tunakosa. Lakini mwalimu anayejengea nyumba mkupuo ana hoja pia, na ana haki ya kuisema mezani kabla kanuni haijasainiwa. Mwaka 2018 aliisemea redioni na barabarani kwa sababu mezani hakuwa na mtu anayemjua.

BASI NANI AKAE?

Nikisoma maisha ya Mwalimu toka Tabora mpaka Ikulu, mimi napata majibu manne, na mnaruhusiwa kuyabomoa.

Kwanza, wa upande wa walimu achaguliwe na walimu wenyewe kwa kura, kuanzia wilayani, na Waziri kazi yake iwe kuthibitisha jina tu. Walimu ndio kundi kubwa kuliko yote kwenye utumishi wa umma. Na viongozi wa chama nao wasifikiri kiti ni chao moja kwa moja. Mnakumbuka Januari 2023 vigogo wawili wa juu wa CWT waliteuliwa kuwa wakuu wa wilaya, mjadala ukawaka. Mtu anayeweza kuitwa upande wa pili wa meza siku yoyote, mwenye hela lazima awe na wasiwasi naye.

Pili, angalau mmoja awe mstaafu anayelipwa na mfuko huo huo, kwa kanuni hiyo hiyo. Huyo ndiye kirangozi wetu. Posho ikichelewa, na yeye inamchelewa.

Tatu, wataalamu wawepo. Hesabu za pensheni na hatifungani si za kubahatisha, na mwalimu mwenye uchungu asiyejua hesabu atazungushwa ndani ya dakika tano. Atakayechaguliwa afundishwe, na apewe haki ya kuita mtaalamu wake.

Nne, aliyekaa arudi kwa waliomtuma. Kila mwaka ripoti ya mfuko ibandikwe shuleni kwa Kiswahili, ikisema tulikusanya kiasi gani, serikali inadaiwa kiasi gani, tumewekeza wapi, tumepata nini. Na mjumbe anayeona hasikilizwi afanye alichofanya Nyerere Desemba 1957, ajiuzulu na aseme kwa nini.

Najua wengine watasema tunamkosea Mwalimu kwa kumpima na mambo ya 1964. Mimi naona tunamheshimu. Yule kijana aliyeikataa barua ya pensheni mwaka 1945 angemwuliza Rais wa mwaka 1964 maswali magumu sana, na nina hakika Rais angekaa chini amsikilize, maana wote wawili walikuwa walimu.

Nyie mliosoma Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo, na nyie ambao wazazi wenu wamestaafu majuzi, hebu leteni maoni. Mzee amelipwa? Alisubiri miezi mingapi? Na je, anamjua aliyemwakilisha?